Sinema ya Shuka la Mawaridi

Jeppestown, Johannesburg
Jumatatu, 16 Januari 2023

Kwa mwanangu Sumaiya,

Pokea salamu za baba yako, nimezifunga zikiwa za moto, zisipoe njiani. Mimi mzima. Goti peke yake ndilo linalolalamika na mimi silisikilizi. Wewe je, na mjukuu wangu Karimu mnaamkaje hapo Tanga? Kifua cha baba yako mdogo Mahmoud kimetulia? Mwambie aache ubishi anywe dawa. Ubishi katika ukoo wetu nilipewa mimi peke yangu.

Barua naiandika kwa mkono wangu, Zubeda wa mgahawa ataipiga picha akutumie kwenye simu. Watu wananiambia mzee, si uongee tu, sauti iende. Sauti yangu mimi haiendi hivi hivi. Ngoja nikwambie iko wapi sasa, maana tangu jana usingizi hauji kwa furaha.

Unakumbuka banda la video barabara ya kumi na mbili. Nani alikuwa anashika kipaza sauti pale? Sinema ya Kihindi, ya Kichina, ya Kimarekani, mtu anafungua mdomo kule, Kiswahili kinatokea huku. Kutoka Chumbageni mpaka Makorora waliniita Sauti ya Ngamiani. Darasa la tatu sikulimaliza, lakini lugha za dunia nimezitafsiri nyingi na hakuna hata moja iliyokwenda kunishtaki.

Basi hapa kwenye karakana ya makochi ninayoilinda, tajiri ameturuhusu Jumapili tuonyeshe sinema, sharti watu wasikalie makochi ya wateja. Watu wanakalia makochi ya wateja. Mashine ya kumulika picha ni ya kanisa la Égide, yule Mrundi fundi wa vitambaa. Shuka la kumulikia tumeazima kwa Zubeda, naye hana kubwa isipokuwa la mawaridi. Kwa hiyo kila mtu kwenye sinema yangu ana ua usoni. Wamezoea.

Jana nikaweka filamu niliyochukua Fordsburg kwenye duka la Wahindi. Imeanza tu, Égide akapiga kelele, "Muzee, hawa si Wachina hawa?"

Nikamwambia, "Hawa ni Wahindi wa milimani. Nyamaza ujifunze."

Na kweli mwanangu sikukosea, Zubeda baadaye alisoma kwenye kompyuta, ni watu wa Manipur, India ya mwisho kabisa huko karibu na Burma, na lugha yao inaitwa Kimeitei. Lakini wakati ule Kihindi changu chote kilikaa pembeni kikanitazama. Sikuambulia neno. Na watu wamejaa, wengine wametoka Hillbrow na Diepsloot, kipaza sauti kiko mkononi. Ningewaambia warudi kwao? Nikaanza.

Yule mwanamke nikampa jina Mwanahamisi. Mume nikamwita Rajabu. Mwanahamisi anakaa barazani anafuma vitambaa kwenye mtambo wa mbao, mikono inakwenda kama inacheza ngoma, nyuma yake milima. Mara Rajabu anakuja na gari, anaufungua ule mtambo, ubao mmoja mmoja, anapakia. Mwanahamisi analia. Nikawaambia watu, mume anaupeleka kwa fundi utengenezwe, mke analia kwa furaha. Makofi.

Halafu shida zikamwingia. Anabeba mchanga kwenye ujenzi, mvua inamnyeshea na mtoto mgongoni. Anakwenda kwenye soko moja kubwa, na soko zima ni wanawake, sijaona mwanamume hata mmoja anayeuza, anaomba kazi ya kufagia. Na kila anapopita kuna mzee mmoja anasimama kando ya uzio na baiskeli yake, anamtazama, hasemi kitu. Huyo nikamfanya mchawi. Sinema bila mchawi watu wanasinzia.

Sasa mwishoni Mwanahamisi ananawa uso, anachana nywele, anatembea mpaka nyumbani kwa Rajabu. Anafika mlangoni. Anainua mkono abishe hodi. Umeme ukakatika.

Égide alikuwa ameniambia ratiba ya mgao wa umeme inasema saa kumi wanakata, nikamjibu umeme wa hapa unanifahamu. Giza. Watu wakaanza kunung'unika. Unadhani nilinyamaza? Nikamalizia kwa mdomo. Mlango umefunguka, Rajabu kapiga magoti, mtambo umetengenezwa unang'aa, wamekumbatiana, mvumilivu amekula mbivu. Vigelegele gizani. Pascasie, mama mmoja wa Kirundi wa Hillbrow, alilia kilemba kikalowa. Kuna watu wana umeme na hawana sinema, mimi nilikuwa na sinema bila umeme.

Sasa nije kwenye lako. Umeniandikia umetoka kwa mumeo Fahad, umerudi kwenye nyumba yangu Ngamiani, na wazee wa upande wa Fahad wanangoja neno langu, ukae au urudi. Neno langu ni hilo lililokwisha kusemwa jana. Mwanahamisi alirudi. Rudi na wewe. Fahad kuiuza cherehani yako alikosa, lakini cherehani ni chuma, na mume ni mume.

Ni mimi baba yako mzazi,
Bakiri, Sauti ya Ngamiani


Ngamiani, Tanga
Ijumaa, 20 Januari 2023

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Karimu ameota jino la mbele, anauma kila kinachopita. Baba mdogo anakunywa dawa nikisimama mbele yake, nikitoka anamwagia mgomba. Goti lipake mafuta ya nazi ya moto na usipande ngazi bila sababu.

Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka baba mdogo akaja kuuliza. Nilikuona kabisa na kipaza sauti chako na watu wenye mawaridi usoni. Halafu nikafika mwisho.

Baba, ile cherehani si chuma. Ni ya mama. Fahad aliiuza wakati mimi nimelazwa na Karimu wodini, nikarudi nikakuta alama za miguu minne sakafuni. Nilipouliza aliniambia nitashukuru baadaye. Mpaka leo nangoja hiyo baadaye. Kazi yangu ndiyo ilikuwa ile, baba, na chakula cha nyumba ile kilitoka pale, si kwake.

Nina maswali kuhusu sinema yako. Umeme ulikatika Mwanahamisi akiwa nje ya mlango. Sasa nani aliyeona ukifunguliwa? Wewe uliona? Na huyo mchawi, mbona anakuja na baiskeli mchana kweupe na haondoki na kitu? Mchawi gani huyo? Na mtambo ukienda kwa fundi, kwa nini mwenyewe hakuambiwa?

La mwisho, usikasirike. Jina ulilompa ni la mama. Mama alivumilia miaka yote ukiwa huko Johannesburg. Mbivu alikula lini?

Kikao ni Ijumaa tarehe kumi Machi, baada ya swala. Baba mdogo amesema nyumba ni yako na neno ni lako. Ukisema nirudi, atanitoa mwenyewe, na atanitoa huku analia, lakini atanitoa. Ukisema nikae, hakuna wa kunigusa. Sina mwingine wa kumwomba.

Mwanao,
Sumaiya


Jeppestown
Jumanne, 24 Januari 2023

Sumaiya,

Salamu. Mzima. Nanyi natumaini.

Mimi naulizwa kama niliona? Mimi niliyetafsiri sinema wewe hujaota meno? Mtafsiri haoni kwa macho, anaona kwa uzoefu. Nilijua mlango utafunguka kama ninavyojua taa ya barabarani, robot wanavyoiita hapa, ikikaa nyekundu itakuja kijani.

Habari za mama yako ziache zilipolala.

Neno langu halirudi nyuma, halijawahi. Utarudi kwa Fahad. Zubeda amesoma barua yako, namwambia barua za watu hazisomwi, ananiambia zimepita kwenye simu yake. Tangu juzi nikiomba chapati ananiambia zimekwisha, na mimi naziona zinavuta mvuke pale.

Baba yako,
Bakiri


Ngamiani, Tanga
Jumapili, 19 Februari 2023

Baba, shikamoo.

Karimu ana meno mawili sasa. Baba mdogo anakohoa kidogo. Mvua bado.

Nashona kwa mkono, sare za watoto wa jirani, mshono kwa mshono. Vidole vinauma lakini vinakwenda.

Sikuandiki kukuomba tena, nimeshaomba. Nauliza goti tu. Mizigo yangu nimeifunga, iko karibu na mlango, maana sitaki siku hiyo baba mdogo ahangaike kuitafuta. Ijumaa itafika hata tusipoandikiana.

Mwanao,
Sumaiya


Jeppestown, Johannesburg
Jumatatu, 6 Machi 2023

Kwa mwanangu Sumaiya, mama yangu, na kwa Mahmoud pia maana kuna chake humu,

Nawasalimu wote kwa mpigo mmoja, mzima, wazima, goti limekoma lenyewe, msinicheleweshe. Mwanangu, kaa chini. Zubeda amenipa chapati. Ameniwekea na maharage bila kuombwa. Kwa hiyo ujue jana palitokea jambo.

Watu walikuwa wanaidai ile sinema ya Mwanahamisi. Kila nikipita Jeppe wananiuliza, mzee, lini tena? Pascasie ametangaza Hillbrow yote. Nikasema haya, Jumapili, na tuanze saa saba mchana. Égide akacheka, akasema, "Muzee amesoma ratiba." Sikusoma. Niliamua tu saa saba.

Karakana ikajaa mpaka mlangoni. Na mbele kabisa, kwenye kochi la mteja, amekaa dada mmoja simfahamu, mwembamba, sura yake ni ile ile ya kwenye sinema. Anaitwa Memcha. Ana saluni mjini, alileta viti vyake vya wateja kwa Égide vibadilishwe vitambaa, Égide akamwambia njoo Jumapili kuna sinema ya watu wanaofanana na wewe. Yule Égide ana mdomo. Kumbe ni Mmeitei kamili, kazaliwa huko huko.

Nikaanza. Na huyu dada akaanza kuniharibia. Mimi nachekesha, yeye analia. Mimi naliza, yeye anaficha uso na mkono, mabega yanacheza kwa kicheko. Rajabu anapakia mtambo, nasema unakwenda kwa fundi, watu makofi, Memcha amegeuka kunitazama mimi badala ya kutazama shuka. Nilijua ananishangaa jinsi ninavyokijua Kimeitei.

Tukafika mlangoni. Mwanahamisi kainua mkono. Nikangoja giza, nimezoea giza langu hapo. Giza halikuja. Mlango ukafunguka.

Sumaiya, sasa nakwambia nilichokiona, na hiki nimekiona kwa macho haya mawili.

Rajabu ndiye aliyefungua. Akatabasamu, akanyoosha mikono. Mwanahamisi akampita kama mtu anavyopita nguzo. Hakukaa, hakunywa maji, hakuvua viatu. Akaenda mpaka chumba cha nyuma, na mtambo uko pale, haujauzwa wala haujatengenezwa, kuna mwanamke mwingine ameanikia nguo juu yake. Mwanahamisi akazitoa zile nguo, akazikunja vizuri, akaziweka kitandani, akaanza kufungua mbao. Ubao mmoja mmoja. Rajabu anaongea, anaongea, sasa amepiga magoti kweli, na Mwanahamisi anafungua mbao tu. Hata wenye watoto wachanga humu karakanani waliwatuliza.

Akatoka na mzigo kifuani. Nje, kando ya uzio, yuko yule mzee na baiskeli.

 Nikwambie ukweli ulivyo, nilishika kipaza sauti na sauti haikutoka. Nikamsikia Égide kule nyuma, "Muzee, eish, leo umeme upo, imekatika sauti?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama yule mzee. Ana ua la waridi hapa shavuni, la shuka, na chini ya ua ana mkunjo wa kinywa ninaoujua. Mkunjo wa mtu aliyesema neno zamani akawa hajui pa kuliweka chini. Aliiegemeza baiskeli kwenye uzio. Akanyoosha mikono yote miwili apokee zile mbao. 

Hapo nikamsemea. Nilisema, "Mwanangu, leta. Sikuja kukuhukumu, nimekuja kukuchukua. Nyumba niliyoijenga ina chumba chako, na atakayetaka kukutoa aanze kunitoa mimi."

Hawakupiga makofi. Walisimama. Pascasie alisimama juu ya kochi la mteja na viatu. Filamu ikaendelea, mzee anasukuma baiskeli na mbao juu yake, binti anatembea kando amezishika zisianguke, mpaka kwenye lile soko la wanawake, na wale mama wakasogeana kila mmoja kidogo, nafasi ikapatikana, akakaa. Imeishia hapo. Watu wakataka irudiwe. Tukairudia, na mara ya pili niliwaeleza watu tangu mwanzo kwamba yule mzee ni baba, na Rajabu nikamwita mwizi ubao wa kwanza tu.

Baadaye Memcha akanifuata, Zubeda akatutafsiria Kiingereza chake. Nikauliza, yule mzee kwa nini alikuwa anasimama nje siku zote? Memcha akasema, ni baba yake. Binti aliolewa bila baba kutaka, baba akaapa hatakanyaga kwenye nyumba ya yule mume, na ni mzee mbishi. Zubeda alipotafsiri hapo penye ubishi alinitazama muda mrefu kuliko neno lenyewe.

Halafu Memcha akacheka, akasema, lakini baba pale mwisho hasemi chochote. Yale maneno umeyatoa wapi? Kwenye filamu amenyamaza mpaka mwisho.

Nikamwambia, wewe ulikaa mbali hukusikia. Mimi nilikuwa karibu naye.

Sasa mwanangu usije ukasema nimebadili neno. Neno langu halirudi nyuma. Hili ni jingine, nimelitoa mbele. Na mchawi nilijua tangu mwanzo si mchawi, nilikuwa nawapima watu tu.

Mahmoud, kipande kinachofuata kisome Ijumaa mbele ya wazee, kwa sauti, usikohoe katikati:

Mimi Bakiri, mwenye nyumba ya barabara ya kumi na mbili, nasema Sumaiya haendi popote. Mizigo iliyo mlangoni ifunguliwe leo. Chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani ni chake na kazi yake. Cherehani ya Mwanahamisi, mke wangu, itafutwe iliko na irudishwe hapo dirishani, kilichonunuliwa kikombolewe, pesa nimekwisha kumpa Zubeda atume. Fahad akitaka kumwona mwanawe aje mchana, abishe hodi, angoje aitwe. Aliye na swali aniulize mimi, na mimi si mwepesi kujibu.

Basi. Mwanangu, mkono umechoka, tangu nizaliwe sijaandika hivi. Wale mama wa sokoni walivyosogeana ningependa ungewaona. Niambie Ijumaa imekwendaje, niambie yote, usiniachie giza nikamalizia mwenyewe.

Baba yako,
Bakiri


Ngamiani, Tanga
Jumapili, 12 Machi 2023

Baba, shikamoo. Shikamoo tena.

Karimu mzima. Baba mdogo mzima, na nitakueleza kwa nini leo hawezi hata kugeuza shingo.

Ijumaa wazee walikaa barazani, Fahad katikati yao na kanzu mpya. Baba mdogo akatoa simu akaanza kusoma. Ulimwagiza kipande tu, yeye akasoma yote, kuanzia chapati. Wazee wakangoja kwa adabu. Alipofika penye giza ambalo halikuja, mzee wa upande wa Fahad, yule mkubwa mwenye bakora, akamwambia Fahad, hebu ondoka hapo unanizibia. Mwanahamisi alipoanza kufungua mbao, hakuna aliyekunywa kahawa. Na penye maneno ya mzee wa baiskeli, baba mdogo alikohoa, baba. Usimlaumu. Hakikuwa kifua.

Fahad akataka kujibu. Yule mzee wao akamwambia, "Wewe cherehani ya marehemu uliiuza kweli?" Akasema ndiyo, lakini. Hiyo lakini hawakuingoja. Wakasimama, wakaomba ruhusa, wakaondoka naye.

Cherehani ilikuwa Usagara, kwa mshona mapazia. Tulikuwa tumekwisha kupata mkokoteni, baba mdogo akakataa. Akaiweka kichwani cherehani yote, pamoja na miguu yake ya chuma. Akatoka nayo Usagara mpaka Ngamiani juani, watu wanamuuliza, Mahmoud, umepatwa na nini, wewe na kifua chako? Anawajibu, msiniongeleshe, ni amri ya Sauti ya Ngamiani. Ndiyo shingo hiyo. Nimeipaka mafuta ya nazi, na dawa yake amekunywa bila kumwagia mgomba.

Iko dirishani. Miguu yake minne imekaa sakafuni kama ilipanda hapo. Nimeitia mafuta, ikalia kidogo, ikaitika.

Kazi ya kwanza nimeianza jana. Nilitafuta kitambaa cheupe kizito, kisicho na ua wala mstari, nimeunga mapana manne, juu nimeacha mfereji wa kupitisha fimbo, kando nimetia matundu ya kamba. Masika, yule mfanyabiashara wa vitenge jirani yetu, anapanda basi la huko mwisho wa mwezi, nitampa akuletee. Shuka la Zubeda mrudishie, umshukuru, umwambie namsalimu kama mama.

Lining'inize, baba, uonyeshe tena ile sinema. Nataka watu wamwone yule mzee uso wake wote.

Na ukishika kipaza sauti, kabla hujaanza kutafsiri, waambie pazia hili kashona nani.

Mwanao aliyeko nyumbani,
Sumaiya